Kujenga programu kubwa kwenye kompyuta kuukuu: pa kutazama kazi ikikwama usiku

Laptopu ninayoandikia haya ina prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya gigabaiti 2, na diski ya kuzunguka ambayo usiku Makorora, hapa Tanga, ikitulia unaisikia inavyotafuna. Niliinunua Ngamiani ikiwa imeshapita mikono kadhaa. Nilitaka QGIS, programu ya kuchora ramani, katika toleo jipya kuliko lile la mfumo wangu wa Debian, nikaamua kuijenga mwenyewe kutoka msimbo wa chanzo. Ilinichukua siku nane. Nilipokaa kuhesabu, kukompaili kwenyewe, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu, hakukuzidi saa 30. Siku zilizobaki zote zilikwenda katika kuanza upya.

Basi neno la kwanza ni hilo: kazi ikikatika, usikimbilie `make clean` (`make` ndiyo inayoendesha ujenzi). Amri hiyo inafuta kila faili ulilokwisha kulilipia kwa saa zako na umeme wako. Kwanza jua kilichoivunja.

Kabla ya kuwasha moto

Hakikisha kwamba huna njia fupi. Tazama kama toleo unalolitaka limo kwenye hazina ya backports ya mfumo wako, yenye matoleo mapya yaliyokwisha kujengwa. Likiwamo, sakinisha ukalale. Kama halimo, pima mashine yako kwa amri hizi nne:

`uname -m`
`nproc`
`free -h`
`df -h`

Ya kwanza wengi huiruka. Ikikujibu `i686`, mfumo uliowekwa ni wa biti 32, hata kama prosesa ni ya biti 64. Mafundi wengi waliziwekea hivyo mashine hizi zamani. Kwenye biti 32 programu moja haiwezi kushika zaidi ya gigabaiti 3 hivi za kumbukumbu, hata uongeze swapu (nafasi ya diski inayotumika kama RAM ya akiba) kama bahari. Linka, inayounganisha vipande vilivyokompailiwa viwe programu moja, ikitaka zaidi ya hapo, itakufa tu, na dawa ni kuweka mfumo wa biti 64. Core 2 Duo inaukubali.

`nproc` inakupa idadi ya kori, na hapo ndipo mtego ulipo. Utasoma kila mahali kwamba uandike `make -j$(nproc)`. Kwa C++ nzito, kila kazi moja inayokwenda sambamba hesabia gigabaiti 1.5 hadi 2 za RAM. Mimi nina kori 2 na gigabaiti 2, kwa hiyo haki yangu ni `-j1`, basi. Kuandika `-j2` kwenye mashine kama hii ni kupakia watu wanne kwenye baiskeli moja kupanda Pongwe: mtafika, ila mtasukuma njia nzima.

Punguza na mzigo wenyewe. Kwa QGIS nilizima majaribio na kuchagua ujenzi usiobeba taarifa za kusakia wadudu, yaani kasoro, za programu, maana hizo hunenepesha mafaili na kuilemea linka:

`cmake .. -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DENABLE_TESTS=FALSE -DCMAKE_CXX_COMPILER_LAUNCHER=ccache`

Hiyo `ccache` ya mwisho ni zawadi aliyotuachia Andrew Tridgell, yule yule wa Samba, programu ya kushirikisha mafaili mtandaoni. Inahifadhi matokeo ya kila faili lililokompailiwa, hivyo hata ukilazimika kufuta folda nzima, mara ya pili inakurudishia yale ambayo hayakubadilika kwa muda mfupi sana. Iongezee nafasi kwa `ccache -M 10G` kama diski inaruhusu. Ningekuwa nayo tangu siku ya kwanza, nisingekuwa na mengi ya kuandika hapa.

Kuianzisha ili ikuachie ushahidi

Usiianzishe kwenye dirisha la terminali la kawaida. Fungua `tmux` kwanza, ili dirisha likifungwa kwa bahati mbaya kazi iendelee. Kisha:

`set -o pipefail`
`make -j1 2>&1 | tee ujenzi.log`

Mstari wa kwanza una maana yake. Bila huo, ukiunganisha `make` na `tee`, ganda la amri linasikiliza jibu la `tee` (inayonakili ujumbe kwenye `ujenzi.log`), ambayo siku zote husema mambo mazuri. Unaamka asubuhi, amri iliyofuata imeendelea kana kwamba ujenzi ulifaulu, kumbe ulikufa saa saba usiku.

Jambo moja la nyumbani. Usiku wa pili nilikwenda kulala nikiwa nimeiacha mezani. Asubuhi naikuta imefungwa kifuniko.

"Mama, nani kaifunga hii?"

"Mimi. Nimeikuta inawaka peke yake, maandishi yanakimbia, nikasema mwanangu kasahau kuzima. Umeme wa LUKU huo."

Hakuna kilichoharibika, mashine ililala tu, na nilipoifungua iliendelea ilipokuwa. Lakini saa saba zilikwenda na maji. Fungua `/etc/systemd/logind.conf`, andika `HandleLidSwitch=ignore`, kisha iwashe upya. Na uwaambie wa nyumbani.

Kosa lipo wapi hasa

Ujenzi ukivunjika, mistari ya mwisho kwenye kioo karibu kila mara haikusaidii. Ni `make` mmoja anamwambia mwenzake kwamba ameshindwa, na yule anamwambia wa juu yake. Kosa lenyewe liko juu, pengine mistari 200 nyuma. Litafute:

`grep -n -m5 -E 'error:|Killed|No space|not recognized' ujenzi.log`

Kama ulitumia kazi nyingi sambamba, ujumbe utakuwa umechanganyikana. Rudia kwa `make -j1` bila kufuta kitu. Itaruka yaliyokwisha na kwenda moja kwa moja kwenye faili lenye tatizo.

Sasa kipimo ambacho mimi nakiweka mbele ya vyote. Rudia amri ile ile, usibadilishe kitu. Kosa likitokea palepale, faili lile lile, mstari ule ule, tatizo ni la msimbo au mipangilio: maktaba haipo, toleo haliendani. Kosa likihama, leo faili hili kesho lile, tatizo ni la mashine: joto, RAM, au umeme. Kosa linalohama usilitafute kwenye msimbo. Utasoma C++ ya watu wiki nzima na hutaona kitu, kwa sababu hakipo.

Yasiyohama ni mepesi. `fatal error: fulani.h: No such file or directory` maana yake unakosa kifurushi cha maendeleo, kile ambacho jina lake huishia na `-dev`. Sakinisha `apt-file`, kisha `apt-file search fulani.h` itakutajia. Afadhali zaidi, tangu mwanzo tumia `sudo apt build-dep qgis`, ambayo huleta karibu maktaba zote kwa mkupuo. Ikikataa, ongeza mistari ya `deb-src` kwenye orodha ya vyanzo vyako. Kuna moja tu lisilohama ambalo ni la kumbukumbu, nalo ndilo lililonitesa.

"Killed"

`c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`

Mara ya kwanza nilidhani nimebonyeza kitu. Hapana. `cc1plus` ndiyo kompaila yenyewe ya C++, na aliyeiua ni kerneli ya Linux, kiini cha mfumo. RAM ikijaa na swapu ikaisha, kerneli huchagua programu inayokula kumbukumbu nyingi na kuiua ili mashine isigande. Mwuaji huyu huacha barua:

`sudo dmesg | grep -i 'killed process'`

Ukiliona jina la `cc1plus` au `ld` hapo, kesi imekwisha. Kwangu ilikuwa ni mafaili yanayounganisha QGIS na Python. Mafaili hayo hutengenezwa na mashine, si na mtu, na moja linabeba msimbo mwingi mno kwa mara moja. Ndiyo maana kosa halikuhama: kila nilipofika kwenye mojawapo ya hayo, naangukia palepale.

Dawa ni kuongeza swapu kwa faili:

`sudo dd if=/dev/zero of=/swapu bs=1M count=4096`
`sudo chmod 600 /swapu`
`sudo mkswap /swapu`
`sudo swapon /swapu`

Hiyo ni gigabaiti 4. Kwenye diski ya kuzunguka itakuwa polepole, tena sana. Lile faili moja lilikaa dakika 50, taa ya diski imewaka moja kwa moja. Usiiguse. Maadamu taa inawaka na `vmstat 5` inaonyesha namba zikitembea kwenye safu za `si` na `so`, kazi inaendelea. Wakati huo huo ipunguzie mashine wengine wanaokula nayo. Kivinjari cha intaneti peke yake kinaweza kumeza gigabaiti nzima. Mimi huzima hata sura ya madirisha, nikabaki na maandishi matupu:

`sudo systemctl isolate multi-user.target`

Fanya hivyo kabla ya kuanzisha ujenzi, maana terminali iliyo ndani ya madirisha hufungwa pamoja nayo.

Na kama huhitaji viongezi vya Python katika QGIS, `-DWITH_BINDINGS=FALSE` inaliondoa tatizo kabisa. Mimi nilivihitaji.

Ukiona `No space left on device` na `df -h` inakuapia kwamba nafasi ipo, tazama mawili. `df -i` huonyesha kama idadi ya mafaili imefika ukomo. La pili ni `/tmp`: kuanzia Debian 13, folda hiyo inakaa ndani ya RAM, na kwenye mashine ya gigabaiti 2 hujaa kabla hujakohoa. Tengeneza folda kwenye diski, kisha `export TMPDIR=$HOME/muda` kabla ya kujenga.

Kosa linalohama: joto

Usiku wa nne kompaila ilianza kutoa `internal compiler error: Segmentation fault`, mara huku, mara kule. Kwenye Debian, GCC ikipatwa na hilo hujaribu tena faili lile lile, na ikifaulu mara ya pili hukuandikia kwamba kosa halirudiki na kwa hiyo huenda ni la mashine au mfumo. Ukisoma mstari huo, uamini.

Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, chumba hakina pumzi. Sakinisha `lm-sensors`, kisha kwenye dirisha la pili la `tmux` acha hii iende:

`watch -n 5 sensors`

Yangu ilikuwa inacheza nyuzi 97. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Barabara ya 12. Akaigeuza, akaipuliza kidogo kwa mdomo, akacheka.

"Kaka, hii umeifungua lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi, fundi."

"Haya, njoo uone."

Baina ya feni na mapezi ya shaba alivuta kitu kama kipande cha blanketi, kijivu, kimeshikana barabara. Vumbi la kawaida huwa jepesi. La huku kwetu hunywa unyevu wa bahari, likawa kama limepigwa gundi. Akalitoa, akafuta pesti ya zamani iliyokauka kama chokaa juu ya prosesa, akapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Nyuzi zikashuka hadi 78 chini ya mzigo ule ule. Tangu hapo naiweka juu ya vipande viwili vya ubao ili ivute hewa chini, feni ya mezani ikiipulizia ubavuni, na kazi nzito naianzisha baada ya isha.

Na joto likipoa lakini kosa likaendelea kuhama, ni RAM. Washa mashine kwa `memtest86+` na uiache usiku mzima. Ikionyesha hata kosa moja, usijisemeshe kwamba ni dogo. Kabla ya kununua kipande kingine, chomoa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, taratibu, futa kwa kitambaa kikavu, rudisha. Chumvi ya pwani huweka utando pale. Nimeona vipande viwili vilivyokuwa vitupwe vikapona kwa ufutio wa dukani.

Umeme ukikatika katikati

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko nilikopoteza siku mbili nzima bila kuelewa.

Betri ya laptopu yangu ilishakufa. Ni uzito tu. Usiku wa tano umeme ulikatika. Uliporudi niliwasha, nikaandika `make`, ikaendelea vizuri hadi kwenye kuunganisha mwisho, halafu linka ikasema faili fulani la `.o`, yaani kipande kilichokwisha kukompailiwa, ni `file not recognized`. Nikarudia. Palepale. Kwa kipimo changu mwenyewe nikahukumu kwamba ni msimbo, na kipimo changu kikanidanganya.

Kilichotokea ni hiki. Ukisimamisha `make` kwa Ctrl-C, hufuta faili lililokuwa nusu kabla ya kuondoka. Umeme ukikatika, hakuna wa kufuta. Tena mfumo wa mafaili wa ext4 huchelewesha kuandika yaliyomo diskini kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo baada ya kuzimika ghafla unaweza kukuta faili lina jina na saa yake, ndani tupu, baiti 0. Na `make`, tangu Stuart Feldman alipoibuni Bell Labs mwaka 1976, huangalia saa za mafaili tu. Faili la `.o` ni jipya kuliko la `.cpp`? Basi limeshafanyika, pita. Haifungui kutazama kama ndani kuna kitu.

Kwa hiyo baada ya kila kukatika, kabla ya kitu kingine, ingia kwenye folda ya ujenzi:

`find . \( -name '*.o' -o -name '*.a' \) -size 0 -print -delete`

Yangu ilitoa majina 11. Kama unataka kuwa na uhakika zaidi, futa yote ya `.o` yaliyoandikwa dakika chache kabla ya giza. Umeme ukikatika saa nane na dakika 50 usiku, kwa mashine hiyo ni 02:50. Futa kuanzia robo saa nyuma:

`find . -name '*.o' -newermt 'today 02:35' -delete`

Unapoteza kazi ya dakika 15 badala ya ya siku mbili. Kisha `make` kama kawaida.

Kuna ndugu yake mmoja: `warning: Clock skew detected. Your build may be incomplete.` Betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao, mara nyingi CR2032, ikifa, mashine ikikosa umeme hurudi miaka ya nyuma. Ghafla mafaili yote uliyojenga jana ni ya siku za usoni, na `make` inachanganyikiwa nini kipya na nini cha zamani. Angalia `date` kila unapowasha baada ya kukatika. Rekebisha saa kwanza, ndipo ujenge. Saa ikiwa imerudi nyuma, hata kupakua kutoka tovuti salama kutagoma, na utalaumu bando bure.

Kuhusu bando: pakua msimbo kwa `git clone --depth 1`, uache historia ya miaka yote. Kama ni faili moja kubwa, `wget -c` huendelea ilipoishia, na `sha256sum` ilinganishe na namba iliyotangazwa na wenyewe kabla ya kulifungua.

Ukikopa nguvu kwa jirani

Wakati mwingine akili ni kwenda na diski ya nje kwa rafiki mwenye mashine mpya, ukajenga huko kwa saa moja. Sharti ni kwamba mfumo wake uwe toleo lile lile la Debian, na msimuachie `-march=native` popote kwenye mipangilio. Amri hiyo huambia kompaila itumie kila uwezo wa prosesa iliyopo hapo. Mashine yake ina AVX, amri za ziada za prosesa, ambayo Intel waliileta mwaka 2011. Core 2 Duo haina. Utarudi nyumbani, utafungua programu kwa furaha, nayo itajibu `Illegal instruction` na kufunga. Ukitaka kujua yako inaweza nini, `grep -m1 flags /proc/cpuinfo`.

Kusakinisha

Ukiona `[100%]`, usiandike `sudo make install` moja kwa moja juu ya mfumo. Tangu kwenye `cmake` weka `-DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/programu/qgis`, hapo hutahitaji `sudo`, na ukichoka nayo unafuta folda moja. Swapu uliyoiongeza izime kwa `sudo swapoff /swapu`, kisha ulifute faili kama diski imebana. Folda ya ujenzi iache kwanza, hadi utakapofungua ramani mbili tatu na kuzihifadhi bila programu kuanguka. Mimi niliifuta jioni ile ile, na kesho yake nikagundua kwamba nimesahau maktaba moja.